Kueleza mtu alisimama wapi kwa Kiingereza: ripoti ya kazini imenikwamisha, naombeni msaada

Karani_Rungwe

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mi ni karani wa stoo kwenye sehemu moja ya kupaki parachichi huku Rungwe, jina sitaji maana ugali wangu unatoka hapo. Juzi folklifti ilikuwa inarudi rivasi ikagonga paleti, kreti zikaporomoka parachichi zikatapakaa sakafu nzima, tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia ila fundi wetu mmoja kaponea chupuchupu. Sasa wenye mali sio Waswahili, wamesema kila aliyekuwepo aandike maelezo kwa Kiingereza na kitu cha kwanza wanataka kujua ni nani alikuwa amesimama wapi folklifti ilipoanza kurudi.

Kiingereza nakisoma, barua pepe za oda najibu mwenyewe, ila hapa nimekwama kabisa. Kiswahili nimeandika "nilikuwa mlangoni, fundi alikuwa mbele ya folklifti, mama wa usafi alikuwa juu, msimamizi alikuwa kwenye kontena, na madogo wawili wa kupanga kreti walikuwa katikati ya paleti", yeyote wa hapa kazini akisoma anaona picha. Nikageuza hivi:

"I was standing in the door. The mechanic was in front of the forklift. The cleaner was up. The supervisor was in the container. Two boys were at the middle of the pallets."

Mwenzangu wa ofisini kasoma kacheka mpaka machozi, nikimuuliza kosa liko wapi anasema "tafuta mwenyewe". Naombeni mnieleweshe, na tafadhali msinipe zile za darasani za mpira juu ya boksi mpira chini ya boksi, hizo nazijua, mi hapa nina watu watano na ghala.

Kijana_Mafiati

Andika "everyone was there" weka sahihi sepa 😂😂

Ticha_Kihesa

Kamwene mdogo wangu. Huyo wa Mafiati muache, tufanye kazi.

Kwanza nikutoe wasiwasi, shida yako sio msamiati, maneno unayo. Shida ni kwamba sisi tuna -ni na "kwenye" na zinabeba mzigo wote. Mlangoni, mezani, stoo, kwenye gari, kwenye foleni, tunasema tu na msikilizaji anajazia mwenyewe. Mwingereza hakujazii, anataka umwambie hapo mahali unapaona kama nini. Kama ni kitu chenye ndani na mtu kazungukwa nacho ni "in". Kama ni sehemu miguu inakanyaga, au mstari, au ukingo, ni "on". Kama ni alama tu, sehemu ya kumkuta mtu bila kujali ndani au nje, ni "at". Kwa hiyo mtu huyohuyo anaweza kuwa "at the shop" ukiwa unamuelekeza mwenzako pa kumpata, na "in the shop" ukitaka kusema kaingia ndani, mvua haimpati. Zote sahihi, ila haziambii msomaji kitu kimoja.

Ujanja ninaowapa wanafunzi wangu: jiulize kwa Kiswahili ungesema yumo, yupo au yuko. Ukisikia "yumo" mdomoni basi karibu kila mara ni "in". Yupo na yuko hazikupi jibu moja kwa moja, hapo ndo inabidi utumie macho.

Sasa tuje kwenye mlango maana hapo ndo pana utamu. "In the door" atakuelewa lakini atakunja uso, mlango kwake ni ubao unaofunguka, huwezi kuwa ndani ya ubao. Una njia kama nne hivi. "In the doorway", yaani uko kwenye uwazi wenyewe, kati ya miimo, anayetaka kupita inabidi akuombe njia. "At the door", uko hapo mlangoni, inaweza kuwa nje au ndani, mara nyingi una shughuli na mlango, unasubiri au unabisha hodi au unapokea mtu. "By the door" au "beside the door", uko pembeni yake, mlango ni alama ya kuonesha ulipo tu. Na "just outside the door" au "just inside the door" ukitaka kabisa asiwe na shaka. Kwenye ripoti ya ajali hii sio mbwembwe, ukiandika "in the doorway" mkaguzi wa usalama anaweza kuuliza kwa nini ulikuwa umeziba njia ya kutokea. Kwa hiyo kabla sijakusahihisha niambie, miguu yako ilikuwa wapi hasa?

Mama wa usafi "was up" umesema alikuwa macho, hajalala. Ndo kilichomchekesha mwenzako, mmojawapo. Juu ya nini? Ngazi? Ghorofani? Paa?

Na huyo msimamizi "in the container" sawa kama alikuwa ndani. Kama alikuwa amepanda juu ya bati lake ni "on top of the container". Kiswahili chako "kwenye kontena" hakijatuambia.

Semi_Tunduma

Ticha umepita kwenye hatari kubwa umeiacha. MBELE. Hiyo "mbele ya folklifti" ndo itamfukuzisha mtu kazi.

Mimi naendesha semi njia ya Tunduma kuvuka Nakonde kwenda Lusaka na zaidi, Kiingereza changu nimekiokota barabarani sio shuleni, lakini haya ya mbele na nyuma tunaishi nayo. Sikiliza karani, gari kwa Kiingereza lina uso wake na uso hauhami. Mbele ni kwenye taa kubwa, hata gari likiwa linarudi rivasi mbele ni kulekule kwenye taa. Folklifti mbele yake ni kwenye ile mikono ya kubebea. Sasa we unasema ilikuwa inarudi nyuma, fundi nusura agongwe, afu umeandika "in front of the forklift". Anayesoma anajiuliza huyu aliponea nini wakati mashine ilikuwa inamkimbia? Kama alikuwa upande ilikokuwa inaelekea basi alikuwa "behind the forklift", na kama ilikuwa inamjia kabisa ongeza "in its path". Sisi kwa Kiswahili mashine ikishaanza kurudi tunasema mbele kwa maana ya kule inakoenda, ndo mtego ulipo.

Na mbele yetu ina maana nyingine tena, ya kupita kitu. Kuna dereva mwenzetu alimpigia simu wakala wake wa forodha akamwambia "I am in front of the petrol station". Wakala kaenda kasimama pale sheli macho juu anatafuta lori halioni. Jamaa alikuwa ameshaipita sheli karibu kilomita nzima, yeye alimaanisha ile yetu ya "niko mbele kidogo ya sheli". Hiyo Kiingereza ni "past the petrol station", au "just past" kama ni hatua chache. Wakati huo mdogo mdogo foleni ya mpakani inasogea na karatasi ziko kwa wakala, hasira zake usiombe.

Afu kuna ya tatu. Ukiwa upande wa pili wa barabara mnatazamana na jengo, usiseme "in front of the bank", hiyo ni upande uleule wa benki, pale kwenye ngazi zake. Ng'ambo ni "opposite the bank", Wamarekani wanasema "across from the bank". Mtu akikuelekeza Mwanjelwa kwa kuchanganya hizi mbili utavuka barabara ile mpaka uchoke na bajaji zilivyo pale.

Mbishi_Uyole

Semi mi napingana kidogo, mbona shuleni tulifundishwa "the teacher is in front of the class" na mwalimu yuko ndani ya darasa? Kwa maelezo yenu angekuwa nje.

Ticha_Kihesa

@Mbishi_Uyole hapo "class" ni wanafunzi, sio chumba. Anasimama mbele ya watu, wanamuona uso. Ukitaka chumba chenyewe sema "at the front of the classroom", yaani ndani, sehemu ya mbele. Angalia Coaster: "at the front of the bus" ni ndani, siti za karibu na dereva, "in front of the bus" ni nje barabarani, dereva asipokuona tunakuzika. Nyuma hivyohivyo, "at the back of the bus" ni siti za mwisho, "behind the bus" unakula moshi.

Na Semi asante, mbele nilikuwa naiwekea nafasi yake lakini umeimaliza vizuri kuliko ningeifanya mimi.

Karani_Rungwe

Duh. Kumbe nilikuwa namtetea fundi huku namchimbia.

Majibu: fundi alikuwa kule ilikokuwa inaelekea, kainama anaokota spana, kwa hiyo behind. Mama wa usafi alikuwa kwenye ngazi ya kuegemeza ukutani anafuta vioo vya juu. Msimamizi alikuwa ndani ya kontena lakini hatua moja tu toka mlango wake, anahesabu. Madogo walikuwa kwenye kile kinjia kati ya mistari miwili ya paleti. Mimi nilikuwa nje ya mlango nimeegemea fremu na daftari mkononi, mvua ilikuwa inanyesha ila pale pana kibati.

Guide_Ngozi

Nimeona mada nimeingia maana hiyo ya JUU inanihusu. Naongoza wageni kupanda milima ya Ngozi na Rungwe, huku kwetu kila mtu yuko juu au chini ya mwenzake kwa sababu hakuna tambarare, ukisema "dukani kwa mama fulani hapo juu" unamaanisha ukipandisha barabara. Kiingereza hapo ni "up the road" au "up the hill", na kushuka ni "down the road". Sio "on" na sio "over".

Mlimani mgeni akiniuliza mwenzake yuko wapi na yuko juu zaidi kwenye mteremko nasema "he is above you, on the slope". Kuna kijana mgeni kwenye kazi alisema "he is on you", wazungu walicheka mpaka ikabidi tupumzike. "On" lazima kuwe na kugusana. "Above" hakuna kugusana, iko juu zaidi tu, si lazima iwe wima kichwani. "Over" inakuwa wima juu au inavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukienda Daraja la Mungu pale mto Kiwira utazipata zote kwa mkupuo: unasimama "on the bridge", lile jiwe limevuka "over the river", na wewe uko "above the water", na mto unapita "under the bridge". Chini nayo ni hivyohivyo, aliye chini yako kwenye mteremko yuko "below you". Ukisema "under you" umemkalia.

Sehemu za mlima zenyewe ni "at the foot of the mountain" huku chini kabisa, "on the slope" katikati, "at the top" kileleni, na kwa Ngozi pale kwenye ukingo unapoliona ziwa lote kule chini ni "on the rim". Mbeya mjini yenyewe nawaambia wageni iko "at the foot of Loleza", wanaelewa bila ramani. Iringa hapo kwa Ticha ukipanda lile jiwe la Gangilonga unakuwa "on the rock" na "above the town".

Mti nao una vituko. Mtu kajikinga jua yuko "under the tree", hatusemi "below the tree". Kapanda kwenye matawi anachuma, ni "in the tree", kwa sababu majani yamemzunguka. Parachichi lenyewe halijachumwa liko "on the tree". Hii wageni wengi wa kazi wanaikosea kila msimu.

Na hali ya hewa wanaichukulia kama chumba unachoingia: "in the rain", "in the sun", "in the shade", "in the mist". Kwa Tukuyu na mvua zetu hiyo "standing in the rain" utaitumia sana. Karani wewe ulikuwa chini ya kibati kwa hiyo usiseme "in the rain", ulikuwa "out of the rain", sema tu "under the small roof outside the door".

Kijana_Mafiati

Nimerudi kwa adabu. Ngazi ya ukutani na ngazi ya kupandia ghorofa ni moja?

Ticha_Kihesa

Hapana, ile ya kuegemeza ni "ladder", ya zege ndani ya jengo ni "stairs". Kote unakuwa "on": "on a ladder", "on the stairs". Na "at the top of the stairs" kama umefika mwisho wa juu.

Kwa mama wa usafi basi: "The cleaner was on a ladder, which was leaning against the wall". "Against" ni kuegemea au kugusa ubavu, na wewe vilevile ulikuwa "leaning against the door frame". Ukiweka hivyo hata "standing" huihitaji.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeligusa na mimi naliona kubwa kuliko in na on. Hicho kifungu cha mahali unakiweka wapi kwenye sentensi. Soma hii: "The supervisor shouted at the mechanic in the container." Nani alikuwa kwenye kontena? Msomaji atamuweka fundi, kwa sababu kifungu kinamshika aliye karibu nacho. Kwenye tukio lako ndo kabisa, umemhamisha fundi toka nyuma ya folklifti umemfungia kontenani. Kifungu kipeleke kwa mwenyewe: "From inside the container, the supervisor shouted at the mechanic." Hivyohivyo "I saw the cleaner from the door", wewe ndo ulikuwa mlangoni, lakini "I saw the cleaner by the door" mlangoni umemuweka yeye. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanapoteza maksi hapa wakiwa na kila neno sahihi, na wazazi wanasema mwalimu ana roho mbaya.

Na usiandike "stood" peke yake kwa kila mtu. "The mechanic stood behind the forklift" inaweza kusomeka kama alienda akasimama pale. Wewe unataka hali iliyokuwepo tayari wakati mashine inaanza kurudi, hiyo ni "was standing". Ila fundi alikuwa ameinama kwa hiyo hata "standing" ni uongo, ni "was bending down". Andika kilichotokea.

Semi_Tunduma

Na kushoto kulia msisahau. "On the left" ya nani? Ukiwa umetazamana na folklifti kushoto kwako ni kulia kwa dereva. Sisi kwenye fomu za ajali tunaandika "on the driver's left" basi, ubishi umeisha. Au mnachukua mlango kama kipimo, "on the left as you enter".

Mbishi_Uyole

Na "in the street" na "on the street"? Binti yangu kakatwa maksi.

Ticha_Kihesa

Waingereza wanapenda "in the street", Wamarekani "on the street". Na foleni Mwingereza ni "in the queue", Mmarekani "in line", ila New York utawasikia wanasema "on line". Mwambie binti achague upande mmoja aubakie, na we nenda kwa mwalimu wake taratibu, usiende na hizo hasira za Uyole.

Guide_Ngozi

Kona nayo jamani kabla hatujaondoka, "in the corner" ni kona ya chumba, umejibanza ndani. "At the corner" au "on the corner" ni ya barabara, nje. Ghala lina kona, barabara ina kona, usichanganye.

Karani_Rungwe

Ndaga fijo wakuu wote. Nimeandika upya, niangalizieni kabla sijaprinti:

"When the forklift began to reverse, I was just outside the door, leaning against the door frame under the small roof. The mechanic was bending down behind the forklift, in its path. Besides the window, the cleaner was on a ladder which was leaning against the wall. The supervisor was just inside the container, on the driver's left. Two loaders were standing between two rows of pallets. From inside the container, the supervisor shouted at the mechanic, and he jumped out of the way."

"Boys" nimeitoa, wakubwa wale wana watoto.

Ticha_Kihesa

Safi sana. Toa s kwenye "besides", hiyo yenye s maana yake ni "zaidi ya", unayoitaka ni "beside the window". Kingine ni umbali, fundi alikuwa nyuma ya folklifti mita ngapi? Mita moja na mita tano zote ni "behind". Weka "about two metres behind the forklift" kama ndivyo.

Semi_Tunduma

Na uliza kama folklifti ilipiga ile honi ya rivasi. Hiyo haihusu prepozisheni ila ndo swali watakalokuuliza la kwanza.

Karani_Rungwe

Haikupiga, ilikuwa mbovu, ndo maana fundi alikuwa pale na spana. Umbali nikifika asubuhi napima na tepu, alama ya paleti iliyogongwa bado iko sakafuni.